Kugeuza eskudo na metikali za zamani kuwa shilingi: daftari la duka la ubia, 1979 hadi 2016

Daftari_Kilambo:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua hesabu za fedha za Msumbiji za miaka ya nyuma na za kwetu.

Napanga hesabu za duka la ubia lililokuwa likitoa mali kauli pande zote mbili za Ruvuma. Mshirika mmoja ni familia ya Mtwara Vijijini, wa pili ni familia ya Palma, upande wa Msumbiji. Sasa wanataka kufunga hesabu kwa shilingi, na daftari limeandikwa kwa sarafu yoyote iliyokuwa mkononi siku hiyo. Mistari inayobishaniwa ni hii:

Septemba 1979, eskudo 6,000.
Mei 1983, MT (metikali) 4,000.
Machi 1987, MT 12,000.
1994, mwezi haukuandikwa, MT 250,000.
Agosti 2006, mistari miwili kwenye ukurasa mmoja: MT 600 na MT 550,000, na yote miwili ni mfuko wa mchele wa kilo 50.
Oktoba 2016, MT 9,000.

Jedwali la metikali kwa shilingi linalorudi hadi 1979 sijalipata popote. Kikokotoo cha simu kinanipa zaidi ya milioni tisa za Kitanzania kwa ile 250,000 ya 1994, na ubishi ulianzia hapo. Nataka kujua kila mwaka utumike ubadilishaji gani, na kama kiwango cha benki cha miaka ya themanini kinafaa kwa biashara ya mpakani.

Mhasibu_Shangani:

Mkuu, jedwali hulipati kwa sababu kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa na soko rasmi la metikali kwa shilingi. Kila Benki Kuu ilipanga fedha yake dhidi ya dola au dhidi ya kapu la sarafu kubwa. Kiwango unachokitafuta unakitengeneza mwenyewe: chukua shilingi kwa dola moja, gawanya kwa metikali kwa dola moja, za kipindi kilekile. Jibu ni shilingi ngapi kwa metikali moja.

Hizi ni wastani wa mwaka, viwango rasmi. Namba ya kwanza ni shilingi kwa dola, ya pili ni metikali ya zamani kwa dola, ya tatu ni shilingi kwa metikali moja ya zamani:

1980: 8.20 / 32.4 / 0.25
1986: 32.70 / 40.4 / 0.81
1987: 64.26 / 290.7 / 0.22
1990: 195.06 / 929 / 0.21
1994: 509.63 / 6,039 / 0.084
1995: 574.76 / 9,024 / 0.064
2000: 800.41 / 15,227 / 0.053
2005: 1,128.93 / 23,061 / 0.049

Kuanzia Julai 2006 unahesabu kwa metikali mpya, ambayo ni 1,000 za zamani:

2010: karibu 1,400 / 34 / 41
2014: 1,653 / 31.4 / karibu 53
2016: 2,177 / 63.1 / 34.5
2020: 2,294 / 69.5 / 33

Sasa ile 250,000 ya 1994. Gawanya kwa 6,039 unapata dola 41.40. Zidisha kwa 509.63 unapata Sh 21,100 hivi, za mwaka 1994. Hiyo ndiyo thamani yake siku ilipoandikwa.

Simu yako imekosea mara mbili kwa mpigo. Imechukulia 250,000 kuwa metikali za sasa, yaani imeiongezea sifuri tatu. Halafu imetumia kiwango cha leo kwa deni la mwaka 1994. Ukirekebisha sifuri peke yake, 250,000 inakuwa metikali 250 mpya, ambazo kwa Sh 37 ni Sh 9,250. Nayo si thamani ya 1994, ni kile kilichobaki baada ya metikali kuporomoka miaka yote ile.

Angalia kitu kimoja unapopakua takwimu za kimataifa: nyingi zimegeuza historia yote kuwa metikali mpya. Kwa hiyo mwaka 1980 utaukuta umeandikwa 0.0324 badala ya 32.4. Ukichanganya safu iliyogeuzwa na daftari lisilogeuzwa, kosa ni la mara elfu moja, na halijifichi ukilipima kwa bidhaa: uliza kiasi hicho kingenunua nini siku ile. Shilingi 21,000 mwaka 1994 zilinunua vitu vya dukani vya kawaida. Milioni tisa mwaka huo ni fedha za jengo.

Mikindani_Juu:

Nakubaliana na Mhasibu kwa mstari wa 1994, lakini kwa ule wa Machi 1987 msitumie wastani wa mwaka kabisa. Wastani wa 290.7 ni namba ambayo karibu hakuna siku ya 1987 iliyoiona.

Mambo yalikwenda hivi. Mwanzoni mwa Januari 1987 dola ilikuwa bado karibu metikali 40, kiwango kilichokaa karibu hapohapo tangu 1983. Mwezi huohuo Msumbiji ikaanza mpango wa kurekebisha uchumi, ule wanaouita PRE, baada ya kujiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1984. Mwisho wa Januari dola ikapandishwa hadi metikali 200 kwa mkupuo. Katikati ya mwaka ikawa 400. Wastani umechanganya ngazi hizo tatu ukatoa kitu cha katikati.

Kwa metikali 12,000 matokeo yake ni haya: Desemba 1986 ni dola 300. Machi 1987 ni dola 60. Mwisho wa 1987 ni kama dola 30. Ukitumia wastani unapata dola 41, na familia inayodai imepunjwa theluthi moja hivi bila sababu.

Upande wetu nao ulikuwa unatembea. Shilingi ilikaa 17 kwa dola tangu Juni 1984. Katika bajeti ya Juni 1986 ikashushwa hadi 40, na makubaliano na Shirika la Fedha yakafuata Agosti. Toka hapo ikateremshwa kidogo kidogo, ikafika karibu 51 mwisho wa 1986 na karibu 83 mwisho wa 1987. Kwa Machi 1987 iko kati ya 51 na 64, karibu zaidi na 51. Kwa hiyo dola 60 zinatoa kati ya Sh 3,060 na Sh 3,840. Tafuta kiwango cha mwezi wenyewe kwenye taarifa za robo mwaka za Benki Kuu za wakati ule uache kukisia.

Na oneni jinsi kalenda mbili za marekebisho zilivyopishana. Sisi tulishusha Juni 1986, wao wakashusha Januari 1987. Katikati hapo, kwa miezi kama saba, kwenye karatasi metikali moja ilikuwa sawa na shilingi moja, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imeizidi. Ndiyo maana jedwali la Mhasibu linaonyesha 0.81 kwa mwaka 1986, kisha 0.22. Mtu asiyejua anaweza kudhani Msumbiji ilikuwa na mwaka mmoja wa neema. Mwaka 1986 nchi ile ilikuwa vitani, reli zinakatwa, maduka matupu, na Rais Samora Machel akafa Oktoba kwenye ajali ya ndege kule Mbuzini. Kiwango cha benki kilikuwa kimegandishwa tu.

Mwana_wa_Masasi:

Kwa ule mstari wa eskudo wa 1979, tumia majedwali ya Ureno. Eskudo ya Ureno mwaka 1979 ilikuwa karibu 49 kwa dola, na majedwali yake yanapatikana kirahisi.

Mzee_Rondo:

Hapana, Mwana wa Masasi, hapo utawapoteza. Eskudo ya Msumbiji na ya Ureno zilikuwa zimekwisha kuachana.

Wakati wa ukoloni zilihesabiwa sawa kwa sawa, na noti za Msumbiji zilitolewa na Banco Nacional Ultramarino. Baada ya uhuru wa Juni 1975, Banco de Moçambique ndiyo ikawa benki kuu, na noti zilezile za Wareno zikagongwa juu yake jina la benki mpya. Jina la sarafu likabaki eskudo hadi tarehe 16 Juni 1980, siku metikali ilipoanza, moja kwa moja. Lakini Ureno wakati huo ilikuwa inashusha ya kwake mwaka hadi mwaka mpaka ikafika karibu 50 kwa dola, huku ya Msumbiji ikishikiliwa karibu 32.

Kwa hiyo eskudo 6,000 za Septemba 1979: gawanya kwa 32.5, unapata dola 184 na ushee. Shilingi ilikuwa karibu 8.20. Jibu ni kama Sh 1,510. Kwa jedwali la Ureno ingetoka Sh 1,000 tu. Theluthi ya deni imepotea kwa kufungua ukurasa wa nchi nyingine.

Kwa wanaopenda kujua asili yake: tangu Septemba 1949 hadi 1971 eskudo ilikuwa 28.75 kwa dola. Shilingi ya Afrika Mashariki, ikifungwa kwa pauni ya Uingereza kwa shilingi 20, ilikuwa 7.14 kwa dola. Gawanya hizo mbili: shilingi moja ni eskudo 4.025. Shilingi ya Tanzania ilipoanza tarehe 14 Juni 1966 ilirithi thamani ileile. Hata Uingereza iliposhusha pauni Novemba 1967, sisi hatukufuata na Ureno haikufuata, kwa hiyo nne kwa moja ikabaki. Kilichobadilika kwetu ni pauni yenyewe, kutoka shilingi 20 hadi 17.14. Mwenye daftari la miaka hiyo lililoandikwa kwa pauni aangalie tarehe, kabla au baada ya Novemba 1967.

Na mwaka 1980, baada ya ukombozi, baada ya sisi kuhama kwenye pauni, kisha dola, kisha kapu la sarafu, ukigawanya 32.4 kwa 8.20 unapata 3.95. Bado ni nne kwa moja. Wazee wa pande hizi waliozoea kugawa kwa nne hawakuwa wanabahatisha. Desturi hiyo ilikuwa na miaka thelathini ya ukweli nyuma yake, na ilivunjika miaka ya themanini.

Nangurukuru_B:

Shikamoo Mzee Rondo. Pembeni kidogo: mwenye hati za Lindi au Mikindani za wakati wa Mjerumani atumie nini?

Mzee_Rondo:

Marahaba. Rupia 15 kwa mark 20, ambayo ni karibu sana na rupia 15 kwa pauni moja ya Uingereza. Kabla ya 1904 rupia moja ni pesa 64, baada ya hapo ni heller 100, kwa hiyo soma mwaka kabla ya kujumlisha senti. Baada ya vita, mwaka 1920, Waingereza walipanga rupia iwe shilingi 2, wakati kabla ya vita ilikuwa shilingi 1 na pensi 4. Aliyekuwa anadaiwa kwa rupia, deni lake likipimwa kwa pauni lilipanda kwa nusu. Shilingi yenyewe ikafuata baada ya hapo.

Daftari_Kilambo:

Nashukuru sana wote. Mzee Rondo, hiyo ya eskudo imemaliza mstari wa kwanza.

Kuhusu 1983, nimerudi kwenye daftari nikakuta ukurasa wa bei. Karani wa duka alikuwa anaandika bei mbili kwa kila kitu, ya shilingi na ya metikali, mwezi wa Mei na Juni 1983:

Kanga doti moja: Sh 280, MT 1,500.
Sabuni mche mmoja: Sh 25, MT 120.
Sufuria la kati: Sh 150, MT 780.
Kandambili jozi: Sh 60, MT 310.
Sukari kilo: Sh 14, MT 150.

Je, ukurasa huu una maana yoyote kwa hesabu yetu?

Mikindani_Juu:

Una maana kuliko jedwali lolote la benki kwa mwaka huo. Karani huyo amekuachia kiwango cha ubadilishaji cha dukani, na alikuwa anaijua kazi yake.

Gawanya metikali kwa shilingi kila mstari. Kanga inatoa 5.36. Sabuni 4.8. Sufuria 5.2. Kandambili 5.17. Sukari 10.7. Sukari iweke kando. Bei yake ya shilingi imekaa karibu na bei iliyopangwa na serikali. Wakati ule Tume ya Bei ilikuwa inapanga bei za bidhaa nyingi na maduka ya RTC, zile kampuni za biashara za mikoa, yanauza kwa bei hizo, kwa anayebahatika kuikuta. Kwa hiyo ile Sh 14 si bei ya soko, na huwezi kuilinganisha na bei ya metikali ya ng'ambo ambako sukari ilikuwa adimu kupindukia. Bidhaa yoyote yenye bei elekezi iondoe: sukari, unga, mafuta ya taa, sementi.

Zilizobaki nne zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue katikati: kati ya 5.17 na 5.2, yaani karibu 5.2 kwa shilingi moja. Usichukue wastani wa kawaida, kwa sababu bidhaa moja yenye ubora tofauti inaweza kuuvuta. Kanga ya kiwanda cha Urafiki na kanga iliyoingizwa si kitu kimoja ingawa zote ni doti.

Sasa linganisha na benki. Metikali ilikuwa karibu 40 kwa dola. Shilingi ilishushwa kwa asilimia 20 Juni 1983, kwa hiyo Mei ni kabla ya hapo na ilikuwa chini kidogo ya 10. Benki inasema shilingi moja ni metikali 4 na kidogo. Dukani ni 5.2. Kwa hiyo MT 4,000 kwa benki inakaribia Sh 1,000, kwa duka ni Sh 770.

Sababu ya tofauti ni kwamba fedha zote mbili zilikuwa zimepewa thamani isiyo yake. Kwetu, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita vya Kagera na mafuta kupanda bei, dola zilikuwa hazitoshi na benki ilikuwa inazigawa kwa kibali. Asiyepata kibali alinunua kwa bei ya kuruka, mara kadhaa ya bei ya benki. Mwaka 1983 ndio ule wa msako wa wahujumu uchumi. Msumbiji nako magendo, wao wanayaita candonga, yalikuwa ndiyo soko lenyewe. Ukigawanya namba mbili zisizo za kweli unaweza kupata jibu linalokaribia kweli, endapo zote zimepotoka kwa kiasi sawa. Hapa metikali ilikuwa imepotoka zaidi kuliko shilingi, na ukurasa wa karani unaonyesha kwa kiasi gani.

Kwa hiyo ushauri wangu: miaka ya 1980 hadi 1991, kila penye bei mbili kwenye daftari, tumia za daftari. Kwetu maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa mwaka 1992, na toka hapo pengo kati ya benki na mtaa likafungwa haraka. Kuanzia 1994 kiwango cha benki kinatosha.

Mhasibu_Shangani:

Naunga mkono, kwa sharti moja. Hakikisha bei zote mbili ni za mahali pamoja. Kama bei ya shilingi ni ya Kilambo upande wetu na ya metikali ni ya Palma, ndani yake kuna nauli ya mtumbwi, mzigo wa kichwani na hatari ya kunyang'anywa njiani. Hapo 5.2 siyo ubadilishaji peke yake.

Ule ukurasa wa Agosti 2006 ni rahisi. Metikali mpya ilianza tarehe 1 Julai 2006, na hadi tarehe 31 Desemba 2006 noti za zamani na mpya zilitumika pamoja. Karani ameandika kwa noti aliyopokea. MT 600 ni mpya. MT 550,000 ni ya zamani, sawa na 550 mpya. Dola ilikuwa karibu metikali mpya 25, kwa hiyo ni kati ya dola 22 na 24 kwa mfuko wa mchele, na hiyo inaingia akilini. Kama daftari limeandika "MTn" mahali, hiyo ndiyo alama ya mpya kipindi hicho. Penye mashaka, bidhaa ndiyo shahidi: mfuko wa mchele kwa metikali 600 za zamani ungekuwa chini ya senti tatu za dola.

Mwambie yeyote aliyeweka noti za zamani sandukuni, zile za 500,000 na 200,000 na nyinginezo, kwamba Banco de Moçambique ilipokea za kubadilisha hadi tarehe 31 Desemba 2012. Baada ya hapo ni za wakusanyaji tu.

Oktoba 2016 nako usitumie wastani. Aprili 2016 yalifichuka madeni makubwa ya makampuni ya serikali ya Msumbiji ambayo bunge lao halikuyajua, wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti, na metikali ikaendelea kuanguka hadi Oktoba. Wastani ni 63, lakini Oktoba dola ilifika karibu 77. MT 9,000 kwa 77 ni dola 117, kwa shilingi ya wakati ule karibu 2,180 ni Sh 255,000. Kwa wastani ingekuwa Sh 310,000.

Nangurukuru_B:

Mhasibu, na wale wabadilishaji wa mtoni? Wanakwambia tu "thelathini na tano, thelathini na nane". Inatokea wapi?

Mhasibu_Shangani:

Inatokea kwenye bei mbili za dola za kila upande. Tuchukue namba za mfano. Duka la Mtwara linanunua dola kwa 2,350 na kuuza kwa 2,400. Upande wa pili wananunua kwa metikali 63 na kuuza kwa 65. Mwenye metikali anayetaka shilingi ananunua dola kwa 65 kisha anaiuza kwa 2,350: gawanya, anapata Sh 36.15 kwa metikali. Mwenye shilingi anayetaka metikali analipa 2,400 kwa dola na kupata 63: inamgharimu Sh 38.10. Katikati ni 37.1. Mtu wa mtoni anapanua kidogo pande zote mbili, anachukua hasara ya noti chakavu na ya kukaa na metikali wiki nzima bila mteja. Akikupa mbali sana na hapo, piga hesabu hii kwenye simu mbele yake.

Benki Kuu yetu inatangaza viwango kila siku ya kazi, vya kununua, kuuza na katikati, na metikali imo. Kwa hesabu za ubia tumia cha katikati.

Tangu katikati ya 2021 metikali imekaa karibu 64 kwa dola, haisogei. Kwa hiyo mkiona kiwango cha mtoni kinapanda au kushuka siku hizi, kinachotembea ni shilingi. Mwaka 2024 shilingi ilipodhoofu kuelekea 2,700 kwa dola, metikali ilipita Sh 41 bila Msumbiji kubadilisha chochote.

Daftari_Kilambo:

Sasa limebaki moja. Upande wa Palma wanasema Sh 21,100 za 1994 si kitu leo, na wana haki ya kulalamika. Upande wa Mtwara wanasema deni lilikuwa metikali, basi walipwe metikali 250. Mhasibu, Mzee Rondo, mnasemaje?

Mzee_Rondo:

Mdogo wangu, hapo hesabu inaishia na mapatano yanaanza. Lakini wape njia zote tatu kwenye karatasi moja, waone wanabishania nini.

Ya kwanza, deni linabaki metikali kama lilivyoandikwa. Mageuzi ya 2006 yaligawanya kwa elfu noti, mishahara, akiba na madeni yote pamoja. Kwa hiyo ni metikali 250, karibu Sh 9,250 kwa kiwango cha 37. Njia hii inambebesha mdai hasara yote ya kuporomoka kwa metikali. Mwaka 1994 peke yake bei Msumbiji zilipanda kwa zaidi ya asilimia 60. Kwetu zilipanda karibu asilimia 34, nako hakukuwa kuzuri.

Ya pili, ligeuze kuwa dola kwa tarehe ya deni, kisha dola kuwa shilingi kwa leo. Dola 41.40, tuseme kwa Sh 2,500, ni Sh 103,500. Ina faida moja kubwa: inatumika sawasawa kwa mistari yote sita na haimpendelei mwenye shilingi wala mwenye metikali. Kasoro yake ni kwamba dola nayo imepungua nguvu tangu 1994.

Ya tatu, ligeuze kuwa shilingi za 1994, kisha zipandishe kwa fahirisi ya bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hapa watu wengi huharibu, kwa sababu mwaka wa msingi umebadilishwa mara kadhaa na ukichukua namba za vitabu viwili tofauti unapata upuuzi. Tafuta mwaka ambao umo kwenye mifululizo yote miwili. Kama mfululizo wa zamani mwaka huo unasoma 180 na mpya unasoma 100, gawanya namba zote za zamani kwa 1.8, ndipo uzilinganishe. Rudia kwa kila kiungo hadi ufike 1994.

Mimi ningechagua ya pili. Duka lilikuwa la pande mbili, na kipimo kiwe cha pande mbili. Ila kwa mstari wa 1983 dola ya benki haifai, kwa sababu tumekwisha kuona kiwango cha benki hakikuwa cha duka. Kwa huo chukua Sh 770 za karani, mzipandishe kwa fahirisi, na wote wawili wasaini pembeni kwamba mstari huo umehesabiwa kwa njia yake.

Mhasibu_Shangani:

Naongeza la kiutendaji tu. Kwenye jedwali lako weka safu saba: tarehe, kiasi na sarafu kama kilivyoandikwa, aina ya metikali (ya zamani au mpya), metikali kwa dola, shilingi kwa dola, chanzo cha kila kiwango, na jibu. Usikadirie kwa kukata desimali katikati ya hesabu. Ukiandika 0.08 badala ya 0.0844 kwa mwaka 1994, umeshapunguza Sh 1,100 kwenye mstari mmoja. Kata mwishoni kabisa, kwenye jibu.

Na ule mstari wa 1994 usio na mwezi, angalia mstari uliotangulia na unaofuata kwenye daftari. Kama uko kati ya Machi na Mei, tumia Aprili, na uandike kwamba mwezi umekadiriwa.

Daftari_Kilambo:

Uko kati ya Februari na Aprili. Natumia Machi. Nitaweka jedwali lote hapa kabla ya kikao chao, mlikague.